Tegu Aliyepotea Kwenye Faili: Utatuzi wa Makosa ya Misimbo na Kumbukumbu

Anayefanya kazi kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa katika nyanda za juu za Tanzania, iwe upande wa Mbulu au upande wa Mbeya na Mbozi, amezoea jambo moja linalosumbua: wodini na maabara tegu anatajwa mara kwa mara, lakini taarifa ya mwezi ikifungwa hayumo. Amehesabiwa pamoja na minyoo mingine, au amefunikwa na neno kifafa, au amepewa msimbo, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa, wa ugonjwa mwingine kabisa. Nitayafuata makosa hayo kwa kuanzia na dalili inayoonekana kwenye faili au kwenye kompyuta, kisha nirudi nyuma hadi kwenye chanzo chake. Naandika kama mtunza kumbukumbu, si kama tabibu, na miaka niliyokaa na mafaili imenionyesha kwamba ni mara chache kosa hutoka kwenye kitabu cha misimbo chenyewe. ICD-10, yaani Ainisho la Kimataifa la Magonjwa katika marejeo yake ya 10, humuuliza anayeweka msimbo maswali matatu tu kuhusu tegu: ni wa aina gani, amefikia hatua gani ya maisha yake, na amekaa kwenye kiungo gani. Jibu moja kati ya hayo likikosekana kwenye maandishi ya daktari, msimbo utakaopatikana utakuwa wa kubahatisha hata kama aliyeuweka ni mtaalamu.

Magonjwa mawili ya tegu mmoja

Makosa mengi yatakayofuata huanzia hapa. Tegu wa nguruwe, Taenia solium, humletea binadamu magonjwa mawili yenye misimbo tofauti. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri yenye mabuu, buu hukua utumbuni hadi kuwa tegu mzima mwenye urefu wa mita kadhaa. Huo ni teniasisi, nao uko chini ya B68. Lakini mtu akimeza mayai ya tegu huyo, ambayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu na kufika mdomoni kwa mikono, maji au mboga zilizochafuliwa, mayai huanguliwa tumboni, mabuu hupenya ukuta wa utumbo na kusafiri kwa damu hadi kwenye misuli, macho na ubongo, ambako hujijengea vifuko vya maji. Huo ni sistisekosisi, nao uko chini ya B69. Tegu wa ng'ombe, Taenia saginata, hana njia hiyo ya pili: ndani ya mwili wa binadamu hukaa utumbuni tu. Faili lenye B68.1, ambao ni msimbo wa tegu wa ng'ombe, likiwa na B69 kana kwamba kimoja kimezaa kingine, lirudishwe kwa daktari kabla halijafika popote.

Chini ya B68 kitabu kinasema kwamba sistisekosisi haihesabiwi hapo. Wapo wanaoyasoma maneno hayo kama katazo la kuandika misimbo miwili kwa mgonjwa mmoja. Maana yake si hiyo. Maana yake ni kwamba B68 haiwezi kusimama badala ya B69. Mwenye tegu utumbuni anaweza kumeza mayai ya tegu wake mwenyewe, na daktari akithibitisha kwamba mgonjwa anayo yote mawili, misimbo yote miwili iandikwe.

Dalili ya kwanza: minyoo ni mingi kwenye taarifa, lakini hakuna tegu hata mmoja

Mgonjwa wa nje anafika na kueleza kwamba ameona vipande vyeupe, bapa, vinavyojongea kwenye choo au kwenye nguo ya ndani. Tabibu anaandika "minyoo", mgonjwa anapewa dawa na kuondoka. Kwenye kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini) cha wagonjwa wa nje anahesabiwa kwenye minyoo ya tumbo, na kwenye fomu ya madai ya bima anapata B82.0, ambao ni msimbo wa minyoo ya utumbo isiyotajwa aina. Aliyeuweka msimbo huo hakukosea, kwa sababu neno aliloandikiwa halikumpa njia nyingine.

Ni vema kuiona misimbo hii kama ngazi. Neno "minyoo" peke yake huishia B82.0. Neno "tegu" peke yake, bila kutajwa jenasi, hupanda hadi B71.9, ambao ni msimbo wa tegu asiyetajwa aina. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa huchukua B68.9 wakidhani ni kitu kilekile, B68.9 unahitaji mtu awe ameandika Taenia au teniasisi. Juu yake ndipo penye B68.0, tegu wa nguruwe, na B68.1, tegu wa ng'ombe. Kila ngazi inapandwa kwa neno moja lililoandikwa na mwenye mamlaka ya kuliandika, na dhana ya karani haitoshi hata kidogo. Mgonjwa akieleza kwamba hula nguruwe kila Jumapili, maelezo hayo hayatoshi kuandika B68.0, ni sababu ya kuuliza tu.

Maabara nako kuna mpaka wake ambao daktari na mtunza kumbukumbu wote wanapaswa kuujua. Mayai ya Taenia solium na ya Taenia saginata hayatofautishwi kwa hadubini ya kawaida. Majibu yanayosema tu kwamba mayai ya Taenia yameonekana kwenye choo kikubwa huishia B68.9, na B68.9 hapo ndio msimbo sahihi, wala hauonyeshi uvivu wa mtu yeyote. Kinachotofautisha ni kipande chenyewe cha tegu au kichwa chake. Kichwa cha tegu wa nguruwe kina kulabu, cha tegu wa ng'ombe hakina. Kwenye kipande kilichopevuka, mfuko wa uzazi wa tegu wa nguruwe huwa na matawi makuu 7 hadi 13 kila upande, na wa tegu wa ng'ombe huwa na mengi zaidi, mara nyingi 15 hadi 20.

Naikumbuka vizuri karatasi moja ya maabara. Mstari wa juu, kwa kalamu ya bluu, ulisema mayai ya Taenia yameonekana. Chini yake, kwa mwandiko mdogo ulioingia hadi ukingoni kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha, mteknolojia alikuwa ameongeza kwamba mgonjwa ameleta kipande kwenye chupa na kwamba matawi yaliyohesabiwa ni 9 upande mmoja. Tabibu alikuwa ameandika "Taenia" tu, nami nilikuwa tayari nimeingiza B68.9. Mstari ule mdogo ulibadilisha kila kitu, lakini sikuwa na haki ya kubadilisha msimbo kwa kuusoma peke yangu. Nililirudisha faili, tabibu akaandika "Taenia solium" pamoja na tarehe na saini, na msimbo ukawa B68.0. Kwa familia ya mgonjwa yule tofauti hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu mwenye tegu wa nguruwe ndiye chanzo cha mayai yanayoweza kufika kwenye ubongo wa mtoto anayekula naye sahani moja. Kwa msimbo wa B82.0 hakuna ambaye angekwenda kuichunguza kaya ile.

Marekebisho ya kudumu ya dalili hii ni madogo. Fomu ya majibu ya choo iwe na mstari wa pekee wa kipande cha tegu, wenye nafasi ya kuandika kama kimeletwa, kimehesabiwa matawi mangapi, na kichwa kimeonekana au la. Mteknolojia avae glavu anapokishika, kwa kuwa kipande cha tegu wa nguruwe kimejaa mayai yanayoambukiza binadamu moja kwa moja.

Dalili ya pili: kifafa kimeandikwa, chanzo chake hakipo

Hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko zote, na ndipo ninapomwomba kila mwenzangu akae muda mrefu zaidi. Mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo, yaani neurosistisekosisi, ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya kifafa kinachoweza kuzuilika katika maeneo ambako nguruwe huzurura na vyoo ni haba. Msimbo wake ni B69.0. Mara nyingi kwenye faili utakutana na G40.9 peke yake, yaani kifafa kisichotajwa aina, kimeandikwa hivyo mwaka baada ya mwaka kila mgonjwa anapokuja kuchukua dawa zake.

Chanzo cha kwanza ni cha kawaida kabisa, nacho ni karatasi kutokurudi. Mgonjwa hupelekwa hospitali ya rufaa kupigwa picha ya CT, majibu hukabidhiwa kwake mkononi, naye huyatunza nyumbani kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki. Kliniki ya kifafa huendelea na faili lake la zamani. Dawa ya tatizo hili ni kumwomba mgonjwa aje na mfuko wake wote, kuchukua nakala ya majibu, na kuhakikisha daktari ameandika kwa mkono wake mwenyewe kile anachokubaliana nacho. Ripoti ya picha ikibaki faili bila daktari kuitaja bado haijawa utambuzi wa ugonjwa.

Chanzo cha pili ni lugha ya ripoti ya picha. Ikisema kuna uvimbe unaochukua nafasi ndani ya fuvu bila kutaja ni nini, na daktari asiongeze neno, msimbo halali ni R90.0, ambao ni wa matokeo ya picha yasiyo ya kawaida. Ikisema kuna kifuko cha maji kwenye ubongo, karani huchukua neno kifuko, akalitafuta kwenye faharasa na kufika G93.0. Huo ni msimbo wa vifuko vya ubongo visivyotokana na vimelea, na kila mara unapotumika kwa mgonjwa wa tegu unamwondoa kabisa kwenye sura ya kitabu inayohusu magonjwa ya kuambukiza. Ukikuta G93.0 kwa mgonjwa wa kifafa anayetoka eneo la wafugaji wa nguruwe, usiubadilishe, ila uliza. Ripoti ikieleza kwamba ndani ya kifuko kimeonekana kichwa cha buu, kama nukta ndani ya duara, daktari atakuwa na msingi imara sana wa kuandika neurosistisekosisi kwa jina lake.

Chanzo cha tatu ni alama ya kuuliza. Daktari anaandika "neurosistisekosisi?" na mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani bila ufafanuzi zaidi. Kanuni za Shirika la Afya Duniani (WHO) zinazoambatana na ICD-10 ziko wazi: ikiwa huduma imekwisha na ugonjwa bado umeandikwa kama unaoshukiwa, na hakuna maelezo mengine yoyote, msimbo huwekwa kana kwamba ugonjwa umethibitishwa. Ikiwa umeshukiwa, ukachunguzwa, na kuonekana haupo, ndipo kundi la Z03, la uchunguzi wa ugonjwa ulioshukiwa, hutumika. Anayesoma miongozo ya Marekani kwenye intaneti atakuta kwamba kwa wagonjwa wa nje huko kanuni ni kinyume: kinachoshukiwa hakiwekewi msimbo, badala yake huandikwa dalili. Nimeona watu wawili wa ofisi moja wakibishana asubuhi nzima juu ya faili moja kwa sababu kila mmoja alikuwa amesoma kitabu cha upande wake.

Chanzo cha nne ni makovu. Buu likifa, kifuko husinyaa na kuacha chembe ya chokaa kwenye ubongo, na degedege linaweza kuendelea kwa miaka. Je, huyo bado ana B69.0? Jibu hutegemea maneno ya daktari. Akiandika kwamba ugonjwa umekwisha na kifafa ni tokeo lake, basi kifafa ndicho kinachowekewa msimbo chini ya G40, na B94.8, msimbo wa matokeo ya baadaye ya magonjwa mengine ya kuambukiza yaliyotajwa, huongezwa kueleza asili yake. Akiandika kwamba bado kuna vifuko hai au kwamba anavitibu, ni B69.0. Misimbo ya B90 hadi B94 haikukusudiwa kwa maambukizi sugu yanayoendelea, kwa hiyo isitumike kama njia ya kukwepa swali.

Kuhusu kipi kiandikwe kwanza, naangalia mgonjwa alitibiwa nini hasa safari ile. Aliyelazwa akapewa albendazoli kwa siku kadhaa pamoja na dawa za kupunguza uvimbe kwenye ubongo, kwa kawaida B69.0 huwa ugonjwa mkuu na G40 hufuata. Aliyekuja kuchukua dawa za kifafa tu, G40 hutangulia. Na aliyepata degedege mara moja tu, bila daktari kuandika neno kifafa, asipewe G40 hata kidogo; wake ni R56.8 pamoja na chanzo kama kimetajwa. Neno kifafa likishaingia kwenye faili la kijana kwa makosa humfuata shuleni na hata kwenye mambo ya ndoa, na sisi tunaoishi katika jamii hizi tunajua uzito wake.

Swali linalopelekwa kwa daktari liandikwe bila kumwelekeza kwenye jibu. Mimi huandika hivi: "Daktari, faili linaonyesha kifafa, na ripoti ya CT iliyoambatishwa inataja vifuko viwili vyenye nukta ndani. Tafadhali andika, kama ipo, sababu ya kifafa cha mgonjwa huyu kwa maoni yako, au eleza kwamba haijulikani." Kumwandikia "tuweke B69.0?" ni kumsukuma mwenye kazi nyingi atie saini kwa haraka, na saini ya namna hiyo haitamsaidia mkaguzi wala mgonjwa.

Dalili ya tatu: mfumo unakataa msimbo ambao umeuona kwa macho yako kwenye intaneti

Umeandika B69.81 au B67.31 na kompyuta inasema msimbo haupo. Tatizo haliko kwenye kompyuta. Marekani hutumia toleo lake la ICD-10 tangu tarehe 1 Oktoba 2015, lililogawa baadhi ya misimbo ya WHO katika tarakimu zaidi, na tovuti nyingi zinazotokea mwanzo ukitafuta ni za toleo hilo. Katika toleo la WHO sistisekosisi ina misimbo minne tu: B69.0 ya mfumo mkuu wa fahamu, B69.1 ya jicho, B69.8 ya sehemu nyingine za mwili na B69.9 isiyotajwa mahali.

Hilo halina maana kwamba toleo la WHO haliwezi kueleza zaidi. Lina njia yake ya jozi, ambapo msimbo wa chanzo hubeba alama ya msalaba na msimbo wa kiungo kilichoathirika hubeba alama ya nyota. Vifuko kwenye misuli vilivyoleta uvimbe wa misuli huandikwa B69.8† pamoja na M63.1*, na uvimbe wa ndani ya jicho huandikwa B69.1† pamoja na H45.1*. Msimbo wenye nyota hauandikwi peke yake kamwe. Mfumo ukiukataa M63.1, angalia kwanza kama umesahau mwenzake.

ICD-11 ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na humo sistisekosisi iko kwenye 1F70 na teniasisi kwenye 1F76. Kituo ambacho bado kinatumia marejeo ya 10 kisichanganye misimbo ya vitabu viwili kwenye fomu moja.

Dalili ya nne: utambuzi umefutwa kwa sababu mgonjwa hali nguruwe

Nimekutana na faili ambalo "neurosistisekosisi" ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja na pembeni kuandikwa "Mwislamu". Aliyeandika alikusudia mema, akidhani amerekebisha kosa. Lakini ugonjwa huu wa ubongo hautokani na kula nyama ya nguruwe. Nyama humpa mlaji tegu wa utumbo. Mayai yanayotoka kwa binadamu mwenye tegu ndiyo yanayompa mtu mwingine vifuko vya ubongo, na mayai hayachagui dini wala lishe. Mwaka 1990 na 1991, katika jiji la New York, watu wanne wa jamii ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, wasiogusa nguruwe kabisa, walikutwa na ugonjwa huu, na uchunguzi ulielekeza kwa watumishi wa nyumbani waliotoka maeneo yenye tegu. Kwa hiyo mtu wa pwani ambaye hajawahi kuonja nguruwe maishani mwake anaweza kupata B69.0 kwa haki kabisa. Historia ya chakula iandikwe, kwa kuwa ina faida yake kwa B68, lakini isitumike kufuta B69. Muhimu zaidi ni kuandika kama kuna mtu katika kaya, au anayewapikia, aliyewahi kuona vipande vya tegu kwenye choo chake.

Dalili ya tano: dawa iliyotolewa hailingani na msimbo

Kanda ya Ziwa, prazikwanteli ni dawa ya kichocho, na mkono wa karani umezoea: akiona prazikwanteli, anaandika B65.9. Lakini dawa hiyohiyo hutibu tegu kwa kipimo kidogo zaidi, miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, ilhali kichocho kwa kawaida hupewa 40. Mkaguzi wa madai anayelinganisha kipimo na ugonjwa ataona tofauti hiyo mara moja. Usitoe msimbo kwenye dirisha la dawa. Utoe kwenye utambuzi wa daktari.

Upande wa kumbukumbu kuna jambo linalogusa usalama wa mgonjwa, nalo silipiti haraka. Prazikwanteli huingia kwenye damu na inaweza kuyafikia mabuu yaliyolala kwenye ubongo bila mwenyewe kujua. Yakianza kufa, huleta uvimbe, kichwa kikali na hata degedege. Kabla ya mgonjwa wa B68 kupewa dawa hiyo, faili lionyeshe kwamba ameulizwa kuhusu degedege na maumivu ya kichwa ya muda mrefu, na jibu lake liandikwe hata kama ni hapana. Niklosamidi haifyonzwi kwa kiasi cha maana kutoka utumbuni, ndiyo maana baadhi ya madaktari huipendelea pale inapopatikana. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye swali la degedege haimwambii daktari wa zamu ya usiku kama mgonjwa aliulizwa au hakuulizwa.

Kwa watoto, usifikirie Taenia tu. Tegu mdogo, Hymenolepis nana, ana msimbo wa B71.0, na Dipylidium, ambaye mtoto humpata kwa kumeza kiroboto wa mbwa au paka, ana B71.1. Kwa mjamzito, O98.8, msimbo wa maambukizi mengine ya mama mjamzito, hutangulia na msimbo wa tegu hufuata. Mtu asiye na malalamiko aliyechunguzwa tu kwa sababu jirani au ndugu yake amekutwa na tegu, na majibu yakawa safi, hana ugonjwa. Wake ni Z11.6, msimbo wa uchunguzi wa minyoo kwa asiye na dalili.

Dalili ya sita: kifuko cha ini kisicho na mwenyewe

Turkana, kaskazini mwa Kenya, inajulikana kwa muda mrefu kama miongoni mwa sehemu zenye hidatidi nyingi zaidi duniani, ugonjwa wa vifuko vya maji unaoletwa na tegu wa mbwa, Echinococcus granulosus. Kosa la kwanza ni daktari kuandika "kifuko cha ini" bila neno hidatidi, na karani akaishia K76.8, ambao ni msimbo wa magonjwa mengine ya ini. Kosa la pili ni dogo lakini limeenea: "kifuko cha hidatidi cha ini", bila jina la tegu, hufika B67.8 tu; ili kufika B67.0 ni lazima aina itajwe. Kwenye mapafu ni B67.1, kwenye mfupa B67.2, na vikiwa sehemu kadhaa ni B67.3. Ripoti ya ultrasaundi ikiwa imetaja hatua ya kifuko, CE1 hadi CE5, inakiliwe kwenye muhtasari wa kumruhusu mgonjwa, kwa kuwa ICD-10 haina nafasi ya hatua hizo na daktari wa upasuaji atazihitaji.

Cheti cha kifo, na faili ambalo tayari limekosewa

Kwenye cheti cha kifo mpangilio wa mistari ndio unaoamua. Mtu aliyefariki kwa degedege lisilokatika, akiwa na kifafa kilichotokana na mabuu ya tegu, aandikwe hivi: mstari wa kwanza degedege lisilokatika, wa pili kifafa, wa tatu neurosistisekosisi. Mpangilio huo unaifanya B69.0 kuwa chanzo cha msingi cha kifo. Daktari akiishia mstari wa pili, takwimu za taifa zitaonyesha kifafa tu, na tegu atakuwa ameua bila kuhesabiwa.

Faili lililokosewa zamani lisifutwe, lisipakwe wino mweupe, wala ukurasa usichomolewe. Daktari aongeze maelezo mapya chini ya yale ya zamani, yenye tarehe ya siku anayoandika, sababu ya marekebisho na saini, kisha msimbo mpya uingizwe ukirejelea maelezo hayo. Kama taarifa ya mwezi husika ilikwisha kupelekwa wilayani, mratibu wa MTUHA ajulishwe kwa maandishi idadi iliyobadilika na mwezi wake. Kwa kliniki ya kifafa ninapendekeza mafaili yote yenye G40.9 yapitiwe moja baada ya jingine, kwa kuanza na wagonjwa waliowahi kupigwa picha ya CT, na kila mmoja aulizwe siku ya kliniki kama ana karatasi nyumbani.